Mgonjwa Ambaye Hakukosa Kazini Hata Siku Moja

Ukiambiwa na daktari kwamba una kifua kikuu, kaa chini kwanza, kwa sababu magoti yatakuwa yamesikia habari kabla yako. Ukishatulia, omba barua. Barua hiyo ifike kazini siku hiyo hiyo, uipeleke mwenyewe au aipeleke mkeo au jirani mwenye miguu mizima. Lakini usimtume ndugu yako akakushikie namba. Mimi nilimtuma, na nusura nipoteze kazi, nyumba na jina langu, yote nikiwa nimelala kitandani.

Nayaandika haya nikiwa nimenenepa. Wale walionijua miaka ile ya mwanzo ya uhuru wataelewa kwa nini nalitaja jambo hilo kwa furaha. Wakati huo mshipi wangu wa suruali ulikuwa na matundu manne mapya, niliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari, na bado suruali iliteremka.

Nilikuwa mfungaji robota katika kiwanda cha kuchambua pamba, kando ya barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba. Pamba ikishatolewa mbegu inaletwa kwetu, tunaikanyaga kwa miguu ndani ya sanduku refu la mashine mpaka ishindiliwe, kisha tunaivisha gunia na kuifunga kwa vyuma. Mle ndani hewa ilikuwa nyeupe kwa vumbi la pamba. Kila mtu alikohoa. Tulikuwa na utani wetu kwamba asiyekohoa ni mgeni, hajafikisha wiki. Kwa hiyo kikohozi changu hakikumshtua mtu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeshtuka mwisho kuliko wote.

Kwanza lazima nieleze habari ya namba, maana bila hiyo huwezi kuelewa ujinga wangu. Langoni palikuwa na ubao mkubwa wenye misumari. Kila mfanyakazi wa kudumu alipewa kibati cha shaba chenye namba yake. Asubuhi unakitundika kwenye msumari wako, jioni unakichukua kwenda nacho nyumbani. Karani hakuangalia nyuso, aliangalia misumari. Msumari wenye kibati ni mtu yuko kazini. Msumari mtupu ni mtu hayuko, na ukikaa mtupu siku tatu, sote tuliamini, namba hiyo inapewa mtu mwingine na wewe unaambiwa ukatoe vyombo vyako katika nyumba za kampuni. Hakuna aliyewahi kwenda ofisini kuuliza kama ndivyo ilivyo. Tuliogopa msumari mtupu, basi.

Ndiyo sababu tulishikiana namba. Mtu akipata msiba au malaria, ndugu yake au binamu yake anachukua kibati, anakitundika na kufanya kazi kwa jina lake mpaka mwenyewe apone. Nyapara alijua na alinyamaza, mradi robota zinatoka. Tuliona ni uungwana. Mtu ambaye hakuwa na ndugu wa kumshikia namba tulimhurumia kuliko yatima.

Siku niliyojua kwamba hali yangu si ya vumbi ilikuwa katikati ya msimu, kabla ya mvua kubwa. Nilikuwa ndani ya sanduku, nakanyaga. Nikakohoa, nikatema mate, nikatazama chini. Juu ya pamba nyeupe palikuwa na damu, doa la ukubwa wa sarafu. Wenzangu walikuwa juu wakinisubiri. Nilitazama doa lile muda mfupi sana, halafu nikalikanyaga. Nikalifunika kwa pamba nyingine na kuendelea. Robota lile lilishonwa, likapandishwa lori, likaenda stesheni ya Malaba na kutoka hapo sijui nchi gani. Nilijionea aibu, na hata leo nikilikumbuka naona aibu.

Wiki moja baadaye sikuweza kupanda ngazi ya mashine. Nikatuma habari nyumbani Marachi, na mdogo wangu Ouma akaja.

Ouma na mimi tumefanana tangu utotoni, mwendo, masikio, hata kicheko. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, analima shamba la baba na kuchoka nalo. Alichukua kibati changu siku ya Jumatatu akasema, "Wewe lala, kaka. Siku mbili tatu utakuwa sawa." Siku tatu zikawa wiki, wiki zikawa tatu. Nililala kwenye chumba chetu katika nyumba za kampuni nikisikia king'ora cha asubuhi kikiniita, na mtu mwingine akiitika.

Mwanzoni nilimshukuru Mungu kwa kunipa ndugu. Baadaye nikaanza kuhesabu vipande vya samaki. Mke wangu Nabwire alimpa Ouma kipande cha katikati, kwa kuwa ndiye anayekwenda kazini, na mimi nilipewa mchuzi, kwa kuwa sikuweza kumeza zaidi. Alifanya sawa kabisa. Lakini ugonjwa hukufanya mdogo. Nilimwambia maneno mabaya kwa sababu ya samaki, akaweka sahani chini, akatoka nje na mtoto wetu Ajiambo, wakakaa kwa jirani mpaka jioni. Nje nilisikia watu wakimwita ndugu yangu, "Wandera! Habari ya kazi?" naye akiitika, "Nzuri tu!" Wandera ni mimi.

Nabwire ndiye aliyenipeleka hospitali. Hakuniomba. Alivaa kitambaa chake cha kanisani, akasema, "Baba Ajiambo, simama. Leo tunaenda." Tukasimamisha basi la Busia.

Benchi la kungojea lilikuwa refu, la mbao, limelainika kwa makalio ya watu. Kila mtu akihudumiwa, tulisogea nafasi moja. Nilikuwa na bahati ya kukaa karibu na mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka aliyekuwa amebeba ndizi za kupika. Nilipokohoa, wengine walijivuta. Yeye hakujivuta. Aliniuliza tu, kwa heshima ya kwao ya kumwita mtu bwana, "Ssebo, umekula?" Sijui jina lake na sikumwona tena. Wewe uliye mgonjwa, weka akilini watu kama hao, maana watakuwepo, na wale wanaojivuta wasahau.

Walinipiga picha ya kifua, wakachukua makohozi, tukarudi siku ya nne kusikia majibu. Daktari alisema kwa maneno machache: kifua kikuu, kinapona, lakini lazima nilale wodini kwa miezi, sindano kila siku na vidonge kila siku, bila kuruka. Halafu akamwachia kazi dresa, yaani mhudumu wa sindano na vidonda, Mzee Emojong, Mteso mrefu aliyekuwa na mikono mikubwa na sindano nyepesi kuliko wote pale.

Mzee Emojong alinijazia fomu. "Unafanya kazi wapi?"

Nikamwambia.

"Kazini wanajua uko mgonjwa?"

"Hapana, mzee. Wanajua niko kazini."

Aliinua kalamu. Nikamweleza habari ya Ouma na namba. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka ghafla. "Sikia, bwana. Sheria iko. Mfanyakazi wa kudumu akiwa mgonjwa, mwajiri lazima ampe likizo ya ugonjwa. Kwanza mshahara mzima, baadaye nusu. Lakini anataka vitu viwili: umwambie, na umpe barua ya daktari. Wewe umefanya nini? Umemwambia uko mzima!"

Nilimjibu kwamba likizo kama hiyo ni ya makarani na Wazungu. Alinitazama kama mtu anayetazama kidonda kilichopakwa mavi ya ng'ombe. "Nani amekuambia?" Sikuweza kumtaja mtu. Hakuna aliyeniambia. Nilizaliwa nikilijua, kama wenzangu wote.

Aliniandikia barua, daktari akaitia sahihi na muhuri. Nikapewa kitanda kuanzia kesho yake. Alasiri hiyo nilikwenda langoni pa kiwanda na barua mfukoni, nimeshikwa mkono na Nabwire.

Askari wa lango alikuwa mpya, wa msimu. "Unataka nani, mzee?"

Mzee! Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. "Mimi ni Wandera, wa robota. Nataka kuona meneja."

Akageuka akatazama ubao. Kibati changu kilikuwa kinang'aa mahali pake. "Wandera iko ndani," akasema kwa upole. "Anafanya kazi. Wewe pumzika hapo kwa kivuli, akitoka nitamwambia baba yake amekuja."

Nabwire alicheka. Nasema ukweli, alicheka kwa sauti, na mimi nikacheka naye, halafu kicheko kikageuka kikohozi na sote wawili tukawa tunalia. Askari alituonea huruma akatuingiza ofisini.

Meneja alisoma barua mara mbili. Akamwambia karani alete daftari la mahudhurio. Karani akapitisha kidole chake, akasema, "Wandera hajakosa hata siku moja, bwana. Kwa daftari hili, ni mzima kuliko sisi sote."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa usumbufu, na watu wa namna hiyo wanaweza kukuumiza zaidi. Aliweka barua mezani akasema, "Mmoja wenu anadanganya. Kama Wandera ndiye aliye ndani, wewe sikujui, na siwezi kukupa likizo. Kama Wandera ni wewe, basi umeniingizia mtu kazini kwa jina la uongo, na naweza kuwafukuza nyote wawili leo." Kisha akapunguza sauti. "Au nenda nyumbani ukatibiwe. Yule kijana anafanya kazi vizuri. Abaki Wandera. Mshahara utaingia nyumba ile ile. Nipeni jibu Ijumaa."

Ukisikiliza haraka, ni wema. Kazi ipo, nyumba ipo, mtoto anakula. Ninachopoteza ni kitu kimoja tu: nikipona, sitakuwa na pa kurudi. Nitakuwa mtu asiye na namba, ndugu wa Wandera aliye kazini. Na jambo jingine lilinijia njiani. Siku Ouma naye akianza kukohoa damu, nani atamshikia namba? Atamtuma nani?

Usiku ule tulimweleza Ouma maneno ya meneja. Ouma aliposikia aliangalia miguu yake. "Kaka, si ni sawa tu?" akasema. "Pesa ni ya nyumba moja. Mimi nikisema ukweli natupwa nje. Nitarudi jembeni."

Nilikuwa nimemtia mwenyewe katika shida hiyo, na sikuwa na haki ya kumwomba ajitoe. Aliyejibu ni Nabwire, huku akikunja nguo zangu za hospitali. "Shemeji, mimi sikuolewa na namba. Niliolewa na mtu. Akirudi kutoka huko nitamwita nani?" Ouma akatoka nje.

Asubuhi yake nililazwa. Ilikuwa Jumanne. Wodi ya kifua ilikuwa mbali na nyingine, na madirisha yake yalikaa wazi mvua ikinyesha au isinyeshe. Kila mtu alikuwa na mkebe wake wenye kifuniko wa kutemea. Sindano ya kwanza nilichomwa tako la kulia, ya pili la kushoto, na tangu hapo nikajua siku ya wiki kwa upande unaouma. Vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu, vikipanda nyuma ya koo hata baada ya kuteremka. Baada ya muda masikio yakaanza kulia, nyii, nyii, na nikitembea sakafu ilielea. Mzee Emojong aliambiwa na daktari apunguze dawa, lakini sikio langu la kushoto halijarudi sawasawa. Nabwire anasema ndilo sikio ninalomwekea yeye.

Jumatano alikuja Hamisi, dereva wa lori la kiwanda, Mwislamu wa pale Busia mjini, ambaye sisi wafanyakazi tulimchagua awe mwakilishi wetu wa chama. Alikuwa anapeleka robota Malaba akapitia kwangu, na fulana yake nyeupe kwa pamba. Nabwire alikuwa amemsimulia kila kitu.

"Wallahi, Wandera, umetuaibisha wote," alianza, akinipa chungwa. "Miaka miwili nasimama nawaambia habari ya likizo ya ugonjwa, nyinyi mnauliza tu siku ya mshahara. Haya. Meneja anajua sheria. Ile barua ameipokea, na karani ameona. Kuanzia siku ile wewe ni mgonjwa wa haki. Hawezi kukufukuza kwa kuugua, na akijaribu nampeleka kwa afisa wa kazi. Lakini kuna kitu kimoja sina. Sina Wandera mmoja. Nina wawili. Mmoja lazima aseme kwa mdomo wake kwamba siye."

"Atapoteza kazi," nikasema.

"Hana kazi ya kupoteza. Ana kazi yako."

Alhamisi sikula. Nilimwambia Mzee Emojong kwamba nikifukuzwa nitatoka wodini, kwa sababu siwezi kulala hapa mtoto wangu akitolewa nje ya nyumba. Hakunibembeleza. Alisema wengi hutoka namna hiyo wakiwa wamepata nafuu kidogo, na wengi anawaona tena, wakiwa wamebebwa. Kisha akanichoma sindano yangu.

Ijumaa, jua likiwa utosini, nilimwona Ouma akiingia kwa mlango wa wodi. Saa sita mchana, siku ya kazi, msimu umepamba moto, mtu wa robota hatembei hospitali. Nilijua wametufukuza wote wawili. Nilianza kutafuta viatu vyangu chini ya kitanda.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Nyumbani."

"Kaa." Akaketi kando ya kitanda, jambo ambalo lilikuwa limekatazwa. "Asubuhi nilifika langoni na kibati. Nikashindwa kutundika. Mkono ulikataa. Watu wako nyuma yangu wanasema songa, songa. Nikaenda nacho mpaka kwa meneja, nikaweka juu ya meza. Nikamwambia, mimi ni Ouma. Mwenye hii namba iko hospitali."

"Akasema nini?"

"Alikasirika kidogo. Akaniambia nitoke, na nisirudi huko na jina la mtu. Hamisi alikuwa mlangoni, alisikia yote. Wakazungumza wao wawili, mimi niko nje nangoja. Halafu karani akanipa hii."

Ilikuwa karatasi iliyopigwa kwa mashine. Jina langu lilikuwa juu, limeandikwa sawasawa, na chini yake kwamba nimepewa likizo ya ugonjwa kuanzia siku ile niliyoleta barua, kwa mujibu wa sheria, na kwamba familia yangu itabaki katika nyumba. Niliisoma, nikamsomea mgonjwa wa kitanda cha pili, nikaisoma tena. Siku zile tatu zilizopita nilikuwa nimebana pumzi bila kujua, na nilipoiachia nilikohoa mpaka Mzee Emojong akaja mbio. Nilimwonyesha karatasi. Alisema, "Sasa rudisha viatu chini ya kitanda."

Nilimshika Ouma mkono. Nilitaka kumwomba msamaha kwa namba, kwa samaki, kwa kila kitu, na nilipofungua mdomo akasema, "Jembe halijaota mizizi, kaka. Wacha." Alirudi Marachi jioni ile. Nilimtia ndani ya uongo ili niokoke, na yeye akatoka ndani yake ili niokoke. Sina maneno makubwa zaidi ya hayo.

Mambo yaliyofuata yalikuwa ya polepole, na hayo ndiyo ninayotaka uyasubiri. Mvua kubwa zilikuja na kupita nikiwa kwenye sindano. Wakati harufu ya mahindi ya kuchoma ilipoanza kutoka nje ya uzio wa hospitali, mate yalinijaa mdomoni kwa mara ya kwanza, na nilimlilia Nabwire aniletee hindi moja. Nilipimwa uzito kila wiki. Mzee Emojong alikuwa akishangilia kila ratili kana kwamba ni ndama wake. Mshahara kamili ulikwisha, ukafuata nusu, halafu hakuna. Nabwire aliuza mboga sokoni, na Ouma alituma mtama na viazi kwa Hamisi, aliyekuwa akipita Bumala na Nambale kuchukua pamba. Haikuwa rahisi. Lakini hatukufukuzwa, na makohozi yakatoka safi, mara moja, mara mbili, mara tatu, na nikaambiwa niende nyumbani na vidonge.

Nilirudi kazini msimu mpya ulipoanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, ila si kwa ubao. Misumari yote ilikuwa na vibati isipokuwa mmoja. Hakuna aliyeugusa kwa miezi yote ile. Karani alitoa kibati changu kwenye droo, akanipa, na nikakitundika mwenyewe, polepole, watu wakisema nyuma yangu songa, songa. Msimu huo huo Ouma aliajiriwa kwa jina lake, kwa namba yake, na kwanza akapigwa picha ya kifua. Alikuwa mzima.

Mimi mashine sikuirudia. Daktari alikataa vumbi, kwa hiyo nilipewa kazi ya lango, kuangalia ubao. Mimi naangalia nyuso pia.

Wiki iliyopita alikuja mtu mmoja na kibati cha kaka yake mkubwa. Wamefanana kweli, karibu nidanganyike. Alikitundika haraka na kutaka kupita. Nikamwita kando.

"Ndugu yako anakohoa tangu lini?"

Alitazama ubao, akatazama kiwanda, akatazama nyuma barabarani alikotoka. "Mwezi wa pili sasa," akasema. "Mzee, tafadhali. Watampa mtu mwingine namba."

"Hawatampa. Nenda umpeleke hospitali, uniletee barua."

Alisimama pale muda mrefu, haamini, kama ambavyo mimi sikuamini siku ile hospitalini. Nikakitoa kibati, nikamrudishia mkononi, na nikauacha msumari wazi.